Ramani Isiyo na Nyumba

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu za mdogo wako. U hali gani, na shemeji na watoto je? Mguu wa mama umepata nafuu? Mimi mwili ni mzima, ila tangu nisome barua yako moyo unanichemka.

Nimeisoma mara tatu. Eti maporomoko yetu yamezungushiwa uzio, na mama alipofika na ndoo yake mlinzi akamdai tiketi! Mwanamke aliyetuogesha pale sote wawili! Na wageni wakampiga picha akigeuka kurudi, kana kwamba naye ni sehemu ya mandhari. Nililia kwa hasira, dada.

Asubuhi yake niliingia kwa mkuu wetu wa utalii hapa kazini, yule tunayemwita Bwana Mandhari, bila hata kubisha hodi. Nikamwambia maji yale yana wenyewe. Akaniketisha kama mwanafunzi, akaanza somo: mtalii ni mtu anayetoka kwake akalala ugenini walau siku moja, kivutio ni kile kinachomtoa, na kivutio kisicho na barabara, malazi na usalama ni jiwe tu. Nikamuuliza, na anayeishi hapo hapo kwenye kivutio, yeye kitaalamu anaitwaje? Akacheka mpaka miwani ikamshuka. Akasema eneo lile halina wakazi.

Halina wakazi! Nyumba kumi na saba, bustani za mboga, na njia iliyochongwa na nyayo za mama zetu! Nikapandisha sauti hadi makarani wakachungulia mlangoni. Ndipo akanyoosha kidole ukutani, akaniambia polepole, "Na ramani ile je, nayo inasema uongo?"

Nikanywea, dada. Sasa nikueleze kwa nini, na ukinitukana nitapokea.

Ramani ile niliichora mimi. Hakuna aliyeyajua maporomoko yale ofisini mpaka nilipoyataja mwenyewe, nikijisifia kwetu. Rasimu ya kwanza ilikuwa na nyumba zote. Bwana Mandhari akasema vijumba vinaharibu picha, vifute. Nikavifuta kimoja kimoja, cha mama kikawa cha mwisho, maana nilitaka kuitwa mchoraji mkuu. Na nikaitwa. Kikulacho ki nguoni mwako, dada. Na mdudu mwenyewe ni mimi.

Jana niliipeleka nakala ya rasimu ile ya kwanza, niliyokuwa nimeihifadhi, kwenye baraza la ardhi, nikaandika maelezo na kutia sahihi yangu. Leo nimeacha kazi kabla hawajanifukuza. Shauri litasikilizwa Jumatatu. Njoo na majirani wote.

Mama usimwambie neno. Nitafika Jumamosi nimwambie mwenyewe, macho kwa macho. Akinifungia mlango, nitakaa nje mpaka afungue.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na majirani wape pole kabla hawajajua ya nini.

Ni mimi mdogo wako,
niliyewafuta.