Nimemsamehe, Ila Farasi Wake Simtaki

Shangazi Malinda, salamu katika Bwana, nawe univumilie kwa maneno mengi, maana hapa kwetu jambo likishasamehewa kanisani haliruhusiwi kutajwa tena.

Mume wangu Orie alinunua farasi wa kuvuta gari letu kwa binamu yake Enos, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, na Enos akatuambia, "Huyu mpole, hata mtoto atamwendesha," kumbe alijua kabisa kwamba farasi yule akisikia lori anapagawa, na mwezi wa Aprili tukishuka kilima kutoka ibadani lori likapiga honi nyuma yetu, farasi akatimua mbio, gari likapinduka mtaroni, Orie akavunjika paja na binti yetu Rhoda mkono, na hadi leo mtoto akisikia kwato anajificha nyuma ya gauni langu.

Sisemi Enos hakutubu. Alikwenda kwa askofu mwenyewe kabla hatujamshtaki, akapiga magoti mbele ya kanisa zima, akasema, "Nilijua, nikanyamaza." Akatengwa, asile meza moja hata na mkewe, kisha adhabu ilipokwisha askofu akamwinua kwa mkono, akampa busu la amani, na sote tukasema tumesamehe, hata mimi. Tangu hapo kila alfajiri anakuja kutukamulia ng'ombe, inyeshe isinyeshe, na mimi hata kumtazama siwezi.

Juzi akaleta farasi jike wake mzee, akasema, "Shemeji, mchukueni huyu. Ndiye aliyenikuzia watoto." Nami mbele ya Orie nikamjibu, "Na yule wa kwanza si ulisema mpole?" Enos akavaa kofia yake, akamwacha jike uani, akaondoka. Kesho yake akarudi, akakamua. Orie ananiambia, "Verna, umefukua kilichozikwa," na mke wa mhubiri anasema nimesamehe kwa midomo tu, niende nikatubu. Jumapili Orie anataka twende ibadani na jike huyo. Shangazi, je, mimi sijasamehe? Nimpandishe mtoto?

Verna, Ohio

*

Verna mwanangu,

Pole sana. Mfupa wa mtoto huunga upesi, hofu haiungi hivyo. Lakini ngoja kwanza nikukaripie. Jibu lako lilikuwa kofi kwa mtu aliyefungwa mikono: hawezi kukujibu, nawe ulijua hawezi. Kesho alfajiri nenda zizini, usimtume Orie, umwambie, "Shemeji, lile neno sikupaswa kulisema." Basi. Usiongeze "lakini". Na umpelekee kahawa ya moto, mwanamume anakukamulia ng'ombe wako kwenye baridi, ebo!

Sasa huyo mke wa mhubiri. Kusamehe na kuamini ni ndugu, si pacha. Kusamehe uliahidi mbele ya kanisa: hutalipiza, hutamsimanga. Kuamini hukuahidi, na hakuna askofu wa kukuamuru. Kuamini hujengwa, na mjenzi ni Enos. Kazi yako ni kumpa kiwanja. Ukimnunia kila siku, atajengea wapi?

Jumapili hii mtoto asipande. Mwambie Orie nimesema mimi, na kama ana neno aniandikie. Enos amwendeshe jike huyo mwenyewe kwenye barabara ya malori, Rhoda akitazama akiwa nyuma ya uzio, kashika mkono wako. Siku nyingine panda wewe garini, ukae kando ya Enos. Rhoda atapanda siku atakayoomba mwenyewe, hata kama ni mwakani.

Na kabla ya hayo yote, muulize Enos: "Huyu ana kasoro gani?" Farasi asiye na kasoro hajazaliwa. Akikuambia hana, mrudishe jioni hiyo hiyo, bila ugomvi. Lakini akikuambia anang'ata akitiwa mdomoni chuma cha lijamu kikiwa baridi, na jicho la kushoto limeanza kufifia, na kwenye daraja ni lazima asimame kwanza, basi vuta kiti, umsikilize mpaka amalize.

Shangazi Malinda