Firigisi ya Mchungaji

Kukhu, nyanya yangu mpendwa,

Hapa Kitale hakuna mtakatifu kama mimi. Hata malaika wananiomba ushauri. Asante sana kwa jogoo uliyemtuma kutoka Bokoli. Tulimpikia mchungaji, maana ananibatiza Jumapili. Alifundisha ati sisi wote tumezaliwa na dhambi ya Adamu. Nikamwambia, "Hilo tunda mimi sikuonja, pasta." Akacheka mpaka akakohoa.

Basi akatafuta firigisi kwenye bakuli, ile ya mgeni wa heshima, akaikosa. Nikasema dada Pauline ameila akipika. Pauline aliinamisha kichwa tu. Leo ameninyooshea shati la ubatizo, na ninamshukuru Mungu kwa dada kama huyo.

Kukhu, niliila mimi, kisha nikamsukumia mwanamke lawama. Kumbe Adamu ni babu yangu kweli.

Mjukuu wako,
Wabwile