Usinywe Chai

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi, na natumaini vumbi la huko machimboni halijakuingia kifuani. Mimi mzima wa mwili. Roho ndiyo iko juu juu. Kwa kuwa simu hazishiki huko, barua hii nimempa dereva wa lori lenu. Isome umekaa.

Unakumbuka Baba alikubali kuingia kwenye ule utafiti wa moyo. Mgonjwa anadungwa dawa ya kutanua mishipa, kisha mashine inapiga picha kuona damu inafika wapi na wapi haifiki. Siku moja kabla, muuguzi alimsisitizia asinywe chai.

Picha zikatoka safi. Baba akatamba nyumba nzima kwamba ana moyo wa kijana na Jumatatu anarudi kuendesha kreni. Daktari hakuridhika. Wenzake wote waliodungwa waliona joto usoni na kubanwa pumzi. Yeye alilala pale kama aliyeenda kunyolewa. Alipoulizwa, Baba akaapa kwamba hakunywa chai, alitoka nyumbani na njaa. Kumbe kwake kunywa chai ni kifungua kinywa, basi! Jioni ya kuamkia kipimo alikuwa amemaliza birika zima la chai ya rangi, na chai huizuia dawa ile isifanye kazi. Tulicheka, Kaka. Muuguzi masikini akajilaumu, na kipimo kikapangwa upya.

Safari hii nilimlinda Baba kama golikipa. Tulipokaa kwenye benchi nje ya chumba cha mashine, nikamwambia asiogope. Hapo ndipo akaninong'oneza kwamba tangu mwanzo alielewa vizuri sana, muuguzi alimfafanulia kila kitu. Alikunywa makusudi, na siku hiyo tena alikuwa amekunywa kwa mlinzi wa getini wakati mimi niko dirishani namwandikisha. Alisema picha zikitoka mbaya watamshusha kwenye kreni, na mtu aliyezoea kuwatazama watu kutoka juu hawezi kuzeekea kwenye kochi. Nikifungua mdomo, akasema, mimi si mwanawe.

Mlango ukafunguliwa, akaitwa. Nikasimama, nikamwambia daktari yote mbele yake.

Juzi wamemdunga bila chai mwilini. Alishika kifua, jasho likamtoka, ikabidi wamchome dawa nyingine ya kumtuliza moyo. Mshipa mkubwa wa mbele umekaribia kuziba kabisa. Daktari anataka kuufungua wiki hii, maana moyo unaweza kusimama siku yoyote, na kule juu ya kreni asingekufa peke yake. Baba amekataa kutia saini. Anasema atamsikiliza mtoto mmoja tu aliyebaki naye, yaani wewe.

Basi omba ruhusa, panda lori hilohilo, uje. Nimeogopa, Kaka, sikufichi. Mimi haniiti jina tena; akiongea na wauguzi ananiita yule msichana. Na aniite hivyo miaka ishirini, mradi awe hai wa kuniita.

Wifi na watoto hawajambo, wanakusalimu, nao wanakungoja. Wasalimie wenzako wa zamu.

Ni mimi mdogo wako,
Kichwa Ngumu