Kwako Orrin, Uliyekataa Kunyolewa

“Kaa kwenye kiti, Orrin!”

“Sikai, baba!”

“Nikikunyoa leo huchezi. Na nitakunyoa!”

Mwaka umetimia, kaka, tangu zile kelele za asubuhi, na mpaka leo saluni ya baba haijatulia. Mteja akiingia wote tunageuka. Halafu tunakumbuka.

Kabla yako chuo chetu hakikuwa na timu. Wewe na Thad Kimbrough mlizunguka mabweni mkibembeleza watu mpaka mkafika kumi na mmoja, wa akiba hakuna hata mmoja. Yule mwanafunzi wa uchungaji mlimchukua kwa sababu tu alikuwa mpana kama kabati. Mpira wenyewe ule wa kukumbatia na kukimbia, wenzako wanakusukuma, wapinzani wanakurukia shingoni. Mama alikushonea mishikio ya ngozi kiunoni kwenye suruali, wenzako wapate pa kukuvutia. Alishona huku anasonya.

Kofia za kukinga kichwa hamkuwa nazo. Mkapeana sharti: hakuna kukata nywele mpaka msimu uishe, zijae kichwani zipunguze vishindo, na aliyenyolewa haingii uwanjani. Na wewe mtoto wa kinyozi! Wateja walimcheka baba, “Lemuel, siku hizi unafuga kondoo?” Akawa anakwambia upitie mlango wa nyuma. Ila siku mlipowashinda wale wa chuo cha Marlow alinyoa watu bure mpaka jioni, anasema, “Yule mwenye manyoya ni wangu.”

Ulikuwa mtu mwema, Orrin. Ulimbebea mjane Gaskell makaa ya mawe huku unapiga mluzi. Ulikula kipande cha dada yetu Hattie cha mkate wa tufaha, ukamlipa kwa kumbeba mgongoni hadi shuleni. Ila mlango hukuufunga hata siku moja. Baridi inaingia, mama anafoka, wewe huyo umeshafika barabarani.

Baada ya ile mechi ya mvua, uliyogongwa kichwani, ukaanza kushika ukuta kila ukiinuka. Ukamwita Hattie kwa jina la mama. Sisi tulicheka. Baba hakucheka, na ndiyo maana asubuhi ya mechi ya mwisho alikungoja na mkasi.

Walikurudisha jioni juu ya ubao. Ulikuwa nasi mpaka Jumapili. Baba alikunyoa mwenyewe, taratibu, hakutaka mtu amsaidie. Safari hii hukubisha. Baada ya mazishi Thad na wenzake walikuja wakakaa kwenye kiti, mmoja mmoja, akawanyoa wote.

Mwaka huu timu haikupatikana. Uwanja wameachiwa ng’ombe.

Tunaokukumbuka ni baba yako Lemuel, mama yako Adaline, ambaye mishikio ile ameitunza, dada yako Hattie, mimi mdogo wako Wendell ninayeandika haya, bibi Prudence, na wale kumi wa timu yako. Tutakaa na wewe moyoni siku zote, na tutakukumbuka ulivyokuwa asubuhi ile, unakizunguka kiti unacheka, baba nyuma yako.

“Baba Orrin, hebu msikilize mtoto,” mama akasema.

“Baba, tupo kumi na mmoja tu. Nikikosa mimi, Thad na wenzangu hawachezi. Msimu wote tumeuhangaikia, nitawaangaliaje?”

“Na hicho kichwa?”

“Kichwa kipo. Nikirudi utaninyoa, upara kabisa ukitaka.”

“Unaniahidi?”

“Nakuahidi, mzee wangu.”

Baba akaweka mkasi chini. Akakufunga skafu shingoni, akaikaza mara mbili. Mama akafungua mdomo akwambie habari ya baridi, lakini safari hii haikuhitajika. Ulitoka, ukageuka, ukaufunga mlango.