Kasha la M Limefurika, la Q Tupu

Mshauri mpendwa,

Jumamosi iliyopita, tarehe 11 Novemba, nilipoteza gauni la bibi harusi ndani ya duka langu mwenyewe, naomba msaada kabla sijapoteza na akili. Mimi ni fundi cherehani hapa Mkuyuni, cherehani mbili nimezinunua kwa jasho langu, hesabu nafanya kichwani, na nguo zilizokwisha nilikuwa naziweka rundo moja mezani, mteja akija nafukua mpaka naipata, basi mume wangu Seif, baada ya kusoma ukarani kwa posta, akasema rundo ni ushamba, akapanga ukutani makasha ishirini na sita ya sabuni, A mpaka Z, kila nguo kwa herufi ya kwanza ya jina la mwenyewe.

Sasa sikiliza. Mama Shimba, M. Mama Bernadeta, M. Mzee Ngosha, M. Mwalimu Venant, M. Nikamwambia mume wangu, "Baba Sihaba, si uandike majina yao wenyewe?" Akanirukia: "Nimwite mama wa watu jina kavu? Adabu iko wapi?" M limefurika mpaka tumeweka gunia chini yake, A lina suruali ya Ally tu, na Q halijaguswa tangu lipigiliwe. Nikicheka anasema, "Siku akija mteja wa Q utaniheshimu."

Gauni la Mwaija tulilikuta guniani Jumatatu, mtoto wa watu keshaolewa na la kuazima, miguu nje kama korongo. Mama yake kaniambia mbele ya wateja, "Mwanvua, kushona unajua, kutunza hujui." Sasa akina mama wa kikundi cha hapa mtaani wanataka kunipa sare zao zote za sherehe za Uhuru, ila wamesikia habari za gauni na wanasitasita. Wanakuja Jumamosi hii saa nne asubuhi. Nirudishe rundo langu, ndiyo au hapana? Nijibu gazeti la Ijumaa, na usinizungushe.

Mwanvua, Mkuyuni

Bi. Mwanvua,

Hapana. Pole kwa gauni, lakini rundoni mwako aliyeleta mapema ndiye aliyelala chini, na kila mteja ulimfukulia nguo za wenzake. Ulijiona hodari kwa kuwa wateja walikuwa wachache.

Seif kaona sawa: mkono uende moja kwa moja mahali pa nguo. Kakosea alama ya kugawia. Mji ambao kila mtu mzima ni Mama, Mzee au Mwalimu, ukiugawa kwa herufi ya kwanza hujagawa kitu, umelihamisha rundo kutoka mezani ukalitia kashani.

Kila nguo ipe namba inayofuata, uiandike kwenye vipande viwili vya karatasi, kimoja kwa pini kwenye nguo, kingine kwa mteja. Tumia makasha kumi, sifuri mpaka tisa, na uangalie tarakimu ya mwisho: 47 kwenye saba, 160 kwenye sifuri. Yatajaa sawasawa yenyewe, na hutamvunjia mtu heshima, maana namba haina mama wala mzee. Mteja akipoteza kipande, Seif awe na daftari la majina, aandike "Mama" mpaka achoke, pembeni namba.

Na uache kumcheka mbele ya wateja. Jumamosi saa nne akina mama wakifika usiwaeleze neno. Mmoja ataje namba yoyote iliyomo daftarini, Seif aitoe nguo hiyo papo hapo.

Kasha la Q mwachie. Aweke kofia yake.