Nimemtoa Baba Mdogo Kwenye Kundi

Tata, baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Tangu tukuzike hapa Turwa, nyuzi za litungu lako nazipiga mimi, vibaya lakini napiga. Nimeanzisha hata kundi la wasapu la wanaopenda nyimbo za litungu, na tumekuwa wengi.

Nakukumbuka jioni ukipiga uani, mama akichambua mboga, ukimtania jirani wa ukoo mwingine mpaka watu wanashika mbavu. Ila ulikuwa unamtazama usoni. Ukiona amenuna kidogo, unageuza wimbo, unawasifia ng'ombe wake, naye anacheka. Ukaniambia, "Bhoke, mtu hataniwi wakati hayupo."

Sasa kwenye simu nyuso hazionekani. Mdogo wako, baba mdogo Mwita, alituma kundini wimbo wa kuutania ukoo wa mama mmoja mwenzetu wa kijiji cha Kisaka. Alidhani anafanya kama wewe. Yule mama alilia, ndugu zake wakajibu kwa matusi, na mambo ya koo hapa kwetu unajua yanakoishia. Niliogopa sana, tata.

Nikaandika sheria. Nyingi ni za upole: karibuni wote, anayejifunza asichekwe, ukipiga wimbo wa mzee sema ni wa nani. Moja haina mjadala: ukoo wa mtu hauguswi, na atakayeugusa anatoka, awe nani.

Baba mdogo alisema hizo ni sheria za watoto. Akatuma wimbo mwingine kama ule siku ileile. Nikampigia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba."

"Nakutoa kwenye kundi."

Nikamtoa. Akaja nyumbani amevimba, chai hataki, kiti hataki. Akaniuliza, "Na angekuwa baba yako?"

"Ningemtoa."

Hapo akakaa, akaomba chai. Kesho yake alimpigia yule mama, akamwomba radhi, wakaongea mpaka wakacheka. Nimemrudisha, na sasa ndiye anayewasomea wageni sheria, tena kwa ukali kuliko mimi.

Lakini swali lake halijanitoka. Nimekukosa, tata, kuliko ninavyowaambia watu. Ningekutoa kweli, huku nalia. Halafu ningekaa na simu mkononi, nisile, nisilale, nikisubiri uombe kurudi.

Pumzika, tata.

Binti yako,
Bhoke