Kwa Shemeji Anatole, Aliyemkataa Mbuzi wa Kumi

Mwaka umetimia, Anatole, tangu tukulaze kwenye udongo wa Lweba, mwezi wa tatu 2001. Askari walikuwa wamefunga barabara na wengi hawakufika kukuzika. Haya tunayaandika ili nao wasome.

Ulikuwa mtu wa maneno machache. Mihogo yako uliipanda kwa mistari iliyonyooka, na Jumapili viatu ulivibeba mkononi mpaka mlangoni mwa kanisa.

Lakini Pulchérie anakukumbuka kwa mbuzi.

Mwezi wa saba 1998 kiwanda cha sabuni kilifungwa, na mdogo wako Isidore akapoteza kazi. Mwezi huohuo akamwacha mkewe Pulchérie na binti yao Ketsia, mimba nyingine ikiwa ya miezi mitano. Familia zikakaa, zikakubaliana mahari irudishwe kwako, kaka mkubwa: mbuzi kumi. Tisa ukawapokea bila neno. Wa kumi ukamkataa.

“Hii mbuzi iko na mafua.”

Wiki iliyofuata Pulchérie akamleta mwenyewe, akimvuta kwa kamba, tumbo mbele. “Shemeji, imepona. Pokea, tumalize.”

“Sasa inachechemea, Mama Ketsia. Muirudishe.”

Alikutukana njia nzima. Alidhani unamtesa kwa ajili ya ndugu yako. Yeye, mwalimu mwenye diploma, anayesoma kila karatasi, hakuwa amesoma tangazo la kiwanda: kwa miezi sita baada ya kazi kwisha, hospitali ingeendelea kumtibu mfanyakazi pamoja na mke na watoto walioandikwa kwenye karte yake ya matunzo, yaani kadi ya matibabu. Mke aliyeachwa angefutwa. Na Ketsia alizaliwa kwa kupasuliwa. Daktari alishasema wa pili naye hatatoka kwa njia nyingine.

Uchungu ulianza mwezi wa kumi na moja, vita vikiwa vimesharudi. Ulimpakia kwenye baiskeli, ukaisukuma kwenye mchanga mpaka hospitali ya Baraka. Dirishani, karani Eugène akashika kalamu amfute.

“Huyu si balishaachana na Isidore?”

“Mbuzi ya kumi iko wapi? Umeiona kwangu?” ukamjibu. “Mpaka ifike, huyu iko bibi ya ndugu yangu.”

Eugène ni mtu wa hapa. Anajua kwamba kwetu ndoa haijavunjika mpaka mahari yote irudi. Kalamu ikarudi mfukoni.

Pulchérie alipozinduka baada ya kupasuliwa, mwanawe Willy alikuwa analia pembeni yake, mzima kabisa. Akakuuliza kwa nini hukumwambia.

“We haujue kunyamaza. Ungemuambia Eugène yote mbele ya bantu.”

Kweli tupu. Alicheka mpaka nyuzi zikamuuma.

Nyuzi zilipotolewa, ukaja mwenyewe: “Sasa mulete mbuzi.” Akakuletea yuleyule. Ukamzunguka, ukampapasa mgongo. “Iko muzuri sana hii. Sijaona mbuzi kama hii.”

Wanakukumbuka mkeo Émilienne, mdogo wako Isidore, Ketsia na Willy, na Pulchérie, ambaye tangu siku ya mbuzi yule si wa ukoo wako tena, na bado hajapata jina lingine la kukuita. Hutatoka mioyoni mwetu, shemeji.